Pointi za Kuingia Uhandisi: Soma Matokeo Yako Kabla Hujajaza Fomu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, swali linalozunguka Mwanza kuanzia Igoma hadi Nyegezi ni moja: "Kapata divisheni ngapi?" Kwa anayetaka uhandisi, swali hilo halina msaada. Chuo hakiangalii divisheni. Kinaangalia masomo mawili, mara nyingine matatu, na pointi za masomo hayo tu. Ndiyo maana mwenye divisheni ya pili anaweza kukosa kozi na jirani yake wa divisheni ya tatu akaipata, mtaa mzima ukabaki kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hakuna mkono wa mtu. Kuna hesabu ya kujumlisha ambayo hakuna aliyeifanya.

Jambo jingine la kuliweka sawa mapema: kwa vyuo vya hapa nchini, kijana aliyetoka kidato cha sita hafanyi mtihani mwingine wa kuingia uhandisi. Mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA, wa mwezi Mei ndio huohuo wa kuingilia. Akija mtu akakuambia ulipie "mtihani wa kujiunga" ili upate nafasi ya uhandisi chuo cha serikali, mwache aende zake. Mitihani ya namna hiyo ipo kweli, lakini kwa njia chache nitakazozigusa mbele.

Hatua ya 1: Badili alama zako ziwe pointi za TCU

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu kuna vipimo viwili vinavyokwenda kinyume.

Kipimo cha NECTA ndicho kinachotoa divisheni. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi, na jumla ikiwa ndogo ndivyo ulivyofanya vizuri. Kuanzia 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Kipimo hiki umalizane nacho ukishawapigia simu ndugu.

Kipimo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kinakwenda upande wa pili. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, F haina kitu. Hapa kubwa ndiyo nzuri. Na hujumlishi kila ulichosoma. Unajumlisha masomo mawili yanayobeba kozi unayoiomba. Sharti la jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili katika masomo hayo mawili, zenye jumla isiyopungua pointi 4.0. Prinsipo ni A hadi E. S ni sabsidiari, haihesabiki kuwa prinsipo hata ukiwa nazo mbili.

Aliyemaliza 2014 au 2015 asitumie jedwali hilo. Miaka ile kulikuwa na B+, na pointi zilipangwa hivi: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. C ya 2015 ina pointi 2, ya leo ina 3. Kama una kaka aliyekaa nyumbani miaka yote hii na sasa anataka kurudi shule, msimkadirie kwa jedwali la mdogo wake.

Sasa chukua watahiniwa watatu, wote wanataka uhandisi ujenzi, kozi ambayo kwa kawaida inabebwa na Fizikia na Hisabati ya Juu.

Wa kwanza ni PCM: Fizikia D, Kemia B, Hisabati E. Kwa NECTA ni 4 na 2 na 5, jumla 11, divisheni ya pili. Nyumbani wamechinja kuku. Kwa TCU, Fizikia 2 na Hisabati 1, jumla 3. Hafiki 4.0. Ile B ya Kemia aliyoipigania haijumlishwi kwenye kozi hii. Lakini aiangalie kwa jicho lingine: kozi inayobebwa na Kemia na Fizikia inampa pointi 6. Kwa hiyo hajafeli chuo, amekosa kozi hii.

Wa pili naye ni PCM: Fizikia C, Hisabati D, Kemia S. Kwa NECTA ni 3 na 4 na 6, jumla 13, divisheni ya tatu. Nyumbani kimya. Kwa TCU ana 3 na 2, jumla 5. Sharti la jumla amelivuka, tena ile S ya Kemia inaweza kumfaa, kama nitakavyoeleza hatua inayofuata.

Wa tatu ni PGM: Fizikia D, Jiografia A, Hisabati D. Jumla ya NECTA ni 9, divisheni ya kwanza, jina limebandikwa shuleni. Kwa TCU ana 4.0 kamili bila nyongeza. Amefika mlangoni, lakini amesimama nyuma ya yule wa divisheni ya tatu.

Chukua karatasi uandike za kwako hivyohivyo. Ukiwa na wasiwasi na alama yenyewe, kumbuka mipaka: A inaanzia asilimia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35.

Hatua ya 2: Tafuta masomo yanayobeba kozi, moja baada ya nyingine

TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, na kinapatikana bure kwenye tovuti yake. Viko viwili: kimoja cha waliotoka kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganifu. Hakikisha umefungua cha kwako na cha mwaka huu. Ndani yake kila kozi ina mstari wake: jina la kozi, namba yake, sifa za kuingia, pointi za chini zinazokubaliwa na chuo, idadi ya nafasi, na miaka ya masomo. Uhandisi ni miaka minne.

Safu ya sifa isome polepole, hasa habari za somo la tatu. Uhandisi ujenzi, mitambo na umeme, kwa sehemu kubwa ni Fizikia na Hisabati ya Juu. Halafu chuo huweza kuongeza sharti la Kemia: ama sabsidiari ya kidato cha sita, ama ufaulu fulani wa kidato cha nne. Hapo ndipo S ya Kemia ya yule mtahiniwa wa pili inapopata thamani, na hapo ndipo mtu wa PGM anapolazimika kufukua cheti chake cha kidato cha nne. Uhandisi kemikali unaitaka Kemia yenyewe. Kozi za kompyuta na mawasiliano huwa na mlango mpana zaidi kidogo.

Waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wananiuliza sana kuhusu BAM, ile hisabati tumizi ya msingi. Hisabati ile ni nzuri, na ipo kozi ya sayansi inayoitambua, ila kwenye uhandisi usiitegemee kuchukua nafasi ya Hisabati ya Juu. Afadhali ukubali mapema utafute kozi za maabara, mazingira au afya kuliko kutuma maombi matano yote yakarudi.

Kama uko kidato cha nne na bado hujabadilisha tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI, jambo hili linakuhusu kuliko hao wakubwa. Mwenye ndoto ya uhandisi anayechagua tahasusi isiyo na Hisabati ya Juu kwa kuwa "hesabu ngumu" amejifungia mlango kwa miaka miwili. Kati ya PCM na PGM, mimi ningemshauri mtoto wangu PCM, kwa sababu ya hiyo Kemia tu.

Hatua ya 3: Pointi 4.0 hazikupi kiti

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na huku reli ya kisasa ya kutoka Isaka ikiendelea kujengwa kuja Mwanza, vijana wa Sengerema, Misungwi na Magu wote wanataka uhandisi ujenzi. Sina neno na hilo. Lakini kozi yenye waombaji wengi haimchukui kila mwenye sifa. Kiwango cha chini ni kama geti la bandarini: kinakuruhusu kuingia kwenye foleni ya meli ya Nansio, hakikukatii kiti. Mfumo unawapanga waombaji kwa ushindani hadi nafasi zinaisha, kisha unafunga. Mwenye pointi 8 akiomba siku ya mwisho ya dirisha bado yuko mbele ya mwenye 4 aliyeomba siku ya kwanza.

Kwa hiyo angalia safu mbili kwa pamoja: pointi za chini za chuo, ambazo zinaweza kuzidi 4.0, na idadi ya nafasi. Mwenye pointi 4 au 5 asijaze machaguo yake yote uhandisi ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Achanganye. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ambayo wengi tunaiita DIT, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Chuo cha Maji, Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapahapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe kimekuwa na uhandisi ujenzi na uhandisi umeme. Ni chuo binafsi, ada yake uipigie hesabu, ila ukikaa kwenu Mkolani au Nyegezi unaokoa chumba na chakula.

Kuna kozi zinazodharauliwa pasipo sababu. Sisi tumezungukwa na migodi, Geita upande mmoja na Kahama upande mwingine, tumekalia ziwa lenye meli na vivuko, na bado ukimtajia kijana uhandisi migodi, uhandisi wa maji au uhandisi wa vyombo vya majini anakunja uso. Waombaji wakiwa wachache kwenye kozi, pointi zako zilezile zinasogea mbele.

Kabla hujaikubali kozi yoyote, uliza kama inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Shahada inakufanya mhitimu. Kuitwa mhandisi kisheria ni usajili wa bodi, na kwa kawaida baada ya shahada unapita mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mpango wake. Ni swali la dakika tano ambalo watu hulikumbuka mwaka wa nne.

Hatua ya 4: Kama pointi hazikutosha, au umeishia kidato cha nne

Hii njia ya stashahada nitaikalia kidogo, maana wazazi wengi wa huku wanaiona kama adhabu. Fanya hesabu ya miaka. Kidato cha tano na sita ni miwili, shahada minne, jumla sita. Stashahada ni mitatu, shahada minne, jumla saba. Tofauti ni mwaka mmoja, na aliyepita stashahada anafika chuo kikuu akiwa na cheti cha kazi mkononi, ameshashika mashine ya kuchomelea, ameshapima barabara. ERB yenyewe inawasajili wenye stashahada kama mafundi sanifu. Kwa familia isiyo na uhakika wa ada ya miaka sita mfululizo, mimi naiona njia hii ni ya busara zaidi.

Vyuo vya stashahada viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na ngazi zake zinakwenda kwa namba: ya 4 mwaka mmoja, ya 5 mwaka mmoja, ya 6 ndiyo stashahada yenyewe. Mwenye cheti cha kidato cha nne anahitaji ufaulu wa masomo manne, D na kuendelea, na masomo ya dini hayahesabiwi kwenye hayo manne. Kwa fani za uhandisi vyuo huwa vinataja masomo yenyewe: Hisabati, Fizikia, Kemia, na jingine moja. Waliotoka sekondari za ufundi kama Bwiru Wavulana au Musoma Ufundi wenye somo la sayansi ya uhandisi, mara nyingi linakubaliwa badala ya Fizikia. D ya kidato cha nne ni asilimia 30 hadi 44, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya cheti kilichojaa D. Kinachokwamisha wengi ni F ya Hisabati, na hiyo dawa yake ni kurudia mtihani huo mmoja kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Aliyefika kidato cha sita akapata prinsipo moja na sabsidiari moja kwenye masomo yanayohusika anaweza kuanzia ngazi ya 5, akamaliza stashahada kwa miaka miwili. Yule mtahiniwa wetu wa kwanza mwenye kuku aliyechinjwa na pointi 3, hii ndiyo njia yake kama moyo wake kweli uko kwenye ujenzi.

Kutoka stashahada kwenda shahada, TCU inataka wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ule ufaulu wa D nne za kidato cha nne. Fundi aliyetoka VETA Nyakato au kwingine akiwa na tuzo ya ufundi stadi ngazi ya tatu hazuiliwi kwa kuwa na D pungufu ya nne. Tuzo yake inaziba pengo hilo. Mwenye cheti cha zamani cha fundi sanifu, FTC, anaangaliwa wastani wa C.

Kuna mtego kwenye GPA. Ngazi ya 6 inapimwa kwa kipimo ambacho juu kabisa ni 5, na daraja la pili la chini linaanzia 2.7 hadi 3.4. Kijana ana 2.8, cheti kimeandikwa daraja la pili, anajiona salama. Hayuko salama, mlango unaanzia 3.0. Ukiona mwaka wa mwisho wastani wako unacheza kwenye 2.9, hapo ndipo pa kuacha vibarua vya wikendi ukasome.

Na kuna namba moja ambayo wenye stashahada huisahau kila mwaka: AVN, namba ya uhakiki wa tuzo, inayotolewa na NACTVET kupitia mfumo wake. Bila hiyo, fomu ya chuo kikuu haiendi popote. Iombe mara tu matokeo yako ya mwisho yanapopelekwa na chuo, maana chuo kisipopeleka matokeo kwa wakati ni wewe utakayekimbizana na ofisi ya taaluma huku dirisha likikaribia kufungwa.

Hatua ya 5: Wenye vyeti vya nje, na wanaotaka kwenda nje

Watu wa Bukoba na Missenyi wamesomesha watoto Uganda miaka mingi, na wa Tarime wanavuka kwenda Kenya. Cheti cha huko hakiingii kwenye mfumo wa udahili kama kilivyo. Kinapitia kwanza NECTA kupata ulinganifu, na hilo lifanyike miezi kadhaa kabla ya dirisha.

Kwa anayetaka kwenda Makerere, ajue wale hupima tofauti na sisi. Masomo muhimu ya kozi wanayazidisha kwa 3, yanayohusiana kwa 2, yanayopendelewa kwa 1, mengine kwa nusu, na mwanamke huongezewa pointi 1.5. Cheti cha Tanzania nacho kinalinganishwa kwanza na baraza la mitihani la huko, UNEB.

India ndiko hasa kwenye mtihani wa kuingilia. Kwa vyuo vyao vikubwa vya uhandisi kuna mtihani uitwao JEE Main: Fizikia, Kemia na Hisabati, maswali 75, alama 300. Jibu sahihi linakupa alama 4, la kukosea linakunyang'anya 1, kwa hiyo kubahatisha kama tulivyozoea maswali ya kuchagua kuna gharama. Matokeo yake hayasomwi kwa asilimia ya alama bali kwa nafasi yako kati ya waliofanya. Mwenye 90 pale hakupata alama 90 kwa 100. Maana yake ni kwamba asilimia 90 ya watahiniwa wako sawa naye au chini yake. Wageni wanaotaka vyuo vya kitaifa vya teknolojia kupitia mpango wa DASA hutumia matokeo ya mtihani huo. Vyuo binafsi vya India vingi humchukua mgeni kwa matokeo ya kidato cha sita tu, na hao ndio mawakala wa mjini wanaowatangaza. Sisemi wote ni wabaya. Nasema kabla hujalipa, ingia TCU uhakikishe chuo kinatambulika, na uombe hati ya kutokuwa na pingamizi. Mkopo wa bodi ya mikopo, HESLB, kwa safari hiyo usiuweke kwenye mahesabu.

Karibu zaidi kuna IIT Madras Zanzibar, iliyoanza kufundisha 2023. Huko wanaotaka shahada ya sayansi ya data na akili unde hufanya mtihani wa mchujo, kisha mahojiano. Kwa kijana wa PCM mwenye Hisabati kali ni mlango unaostahili kubishwa.

Hatua ya 6: Majina

Fupi lakini inaua. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na kitambulisho cha NIDA liwe moja, kwa herufi zilezile. Huku Usukumani tuna tabu yetu ya peke yetu: cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha kidato cha nne Ngwandu bila alama, NIDA imeandika Mwandu. Mtu ni mmoja, mfumo unaona watatu. Rekebisha kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya Julai, na cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA mapema kwa sababu bodi ya mikopo itakitaka hivyo.

Hatua ya 7: Kutuma maombi

Maombi yanatumwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, si TCU. TCU inatangaza tarehe za madirisha. Mara nyingi la kwanza hufunguka Julai baada ya matokeo, na huwa kuna la pili, pengine na la tatu, kwa nafasi zilizobaki. Usisubiri la pili kwa makusudi. Kozi za uhandisi zinazopendwa hujaa mapema.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo ufunguo wa karibu kila mfumo, kwa hiyo iandike pembeni na ile ya kidato cha sita. Kama umefanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili, weka namba zote.

Sasa kuhusu steshenari. Wengi wetu tunaomba chuo kwa msaada wa kijana wa steshenari pale Buzuruga au Kirumba, na wengi wao ni waaminifu na wepesi kuliko sisi. Tatizo ni pale anapojaza namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende haraka. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja inatumwa kwenye simu iliyojazwa. Ikiwa ni ya steshenari, na yeye siku hiyo amesafiri kwenda Geita, tarehe ya mwisho inapita ukiwa umekaa kwenye benchi la nje ya duka lake. Mwambie kwa upole, "Kaka, weka namba yangu." Akimaliza, omba akuandikie nenosiri kwenye daftari lako, na ukifika nyumbani libadilishe.

Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hana haja ya kuthibitisha kwa namba hiyo. Mwenye vyuo vingi asipothibitisha anaweza kuipoteza nafasi, na hiyo ni hasara ya kujitakia.

Kisha kuna JKT. Vijana wengi wa kidato cha sita huitwa kambini muda mfupi baada ya mtihani, na madirisha yanafunguka wakiwa Rwamkoma au Bulombora, simu zimeachwa nyumbani. Kijana, kabla ya kuondoka fungua barua pepe, tengeneza laini iliyosajiliwa kwa jina lako, kaa na mzazi au dada umwachie orodha ya kozi kwa mpangilio: "Kama nimepata Fizikia na Hisabati pointi 6 na zaidi, anza na hii, kama ni 4 au 5, anza na hii." Mzazi, fuata karatasi hiyo. Usimwombee udaktari kwa sababu umeona ana B ya Kemia.

Hatua ya 8: Pesa

Mkopo wa HESLB una maombi yake na tarehe zake, tofauti kabisa na chuo, na huenda ukafunguka hata kabla ya matokeo. Uhandisi ni kati ya fani zinazopewa kipaumbele, lakini kipaumbele hicho hakimsaidii aliyekosea fomu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 bodi inakopesha pia baadhi ya fani za stashahada, kwa hiyo aliyeko njia ya NACTVET aangalie kama fani yake imo. Waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi waangalie pia Samia Skolashipu, inayotolewa na serikali tangu 2022/23 kwa wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi na tiba. Hiyo si mkopo, hairudishwi.

Fomu ya mkopo inapita kwa mdhamini, kwa serikali ya mtaa au kijiji, na kwa wakili au hakimu wa kuapisha. Ukiwa Ukerewe au Kome, panga kumaliza mihuri ya kijijini kwanza ndipo uvuke, usije ukagundua mjini kwamba ukurasa wa mwenyekiti uko wazi. Fomu ikishajaa mihuri, piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa kutosha, angalia kama tarehe na saini vinasomeka, ndipo uipakie kwenye mfumo.